Mtoto Asiyetulia na Dawa Iliyo Mkononi mwa Mzazi

Neno la kusomwa: Marko 9:14–29



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo lisilonenwa mara nyingi katika nyumba ya Bwana, ijapo lipo nyuma ya milango mingi. Wako kati yetu wazazi waliopewa na Mungu mtoto asiye kama wenzake. Akiitwa jina haitiki, wala hatazami uso wa mama yake. Maneno yake ni machache, au hayapo kabisa. Hurudia tendo moja tangu asubuhi hata jioni, na mlio wa kengele ya kanisa humtesa hata akaziba masikio na kulia. Hali hiyo siku hizi yaitwa usonji. Tena wako watoto wasioweza kukaa mahali pamoja hata kidogo: hukimbia, hupanda, hukatiza maneno ya watu, huanza kazi kumi wasimalize moja, wala si kwa ukaidi. Hali hii waganga wa hospitali huitaja kwa herufi nne, ADHD. Sisi na tuiite hali ya kutotulia. Na wako watoto walio na hali zote mbili pamoja.

Mzazi wa mtoto wa namna hii, akiisha kuhangaika miaka mingi, siku moja huambiwa na daktari kwamba iko dawa, huenda ikamsaidia mtoto, naye aulizwa kama ataka ijaribiwe. Hurudi nyumbani na swali hilo kama mzigo kichwani. Jirani mmoja amwambia, Ukimpa dawa, huna imani. Wa pili amwambia, Usipompa, humpendi mwanao. Wa tatu amwonyesha njia ya kwenda kwa mpiga ramli. Na Jumapili akija kanisani, mtoto akapiga kelele, vichwa vyote hugeuka. Basi, Kanisa lina neno gani kwa mzazi huyu?

Kwanza: Watu walishindana, na mtoto alikuwa taabuni.

Twasoma ya kuwa Bwana alishuka mlimani, akawakuta wanafunzi wake katikati ya mkutano mkubwa, na waandishi wakijadiliana nao. Sababu ya majadiliano ilikuwa mtoto mmoja mgonjwa, aliyeletwa na baba yake, na wanafunzi hawakuweza kumponya. Waandishi walijua sana maandiko. Wanafunzi walikuwa wamepewa mamlaka. Wote walikuwa na hoja, wala mmoja wao hakuwa akimtazama mtoto. Bwana hakuingia katika mashindano yale. Aliagiza mtoto aletwe kwake.

Hata leo ndivyo tulivyo. Tukisikia habari ya mtoto asiyetulia, upesi twafanya baraza: ni laana, ni uchawi, ni malezi mabaya ya mama, ni dhambi ya babu. Wanafunzi walimwuliza Bwana swali kama hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, nasi twajua katika Yohana sura ya 9 jinsi alivyolikataa. Si kosa la mtu huyo, wala la wazazi wake. Yeye aliyelikataa swali hilo kwa kipofu alikataa hata leo kwa mtoto mwenye usonji.

Hapa yatupasa kuangalia sana, kwa maana habari hii ya Marko yanena juu ya pepo. Mtu asiitwae na kusema kwamba kila mtoto apigaye kelele ana pepo. Mathayo, katika sura ya 4 mstari wa 24, akiwataja watu walioletwa kwa Bwana, awaweka wenye pepo mahali pao, na wenye kifafa mahali pao, na wenye kupooza mahali pao. Mwinjili mwenyewe alijua kutenganisha. Basi mwalimu wa usharika ambaye hakuchunguza chochote, amtangazaye mtoto mbele ya watu kuwa ana pepo, hutwika mama mzigo ambao Bwana hakumtwika. Na mtoto wa usonji akishikwa kwa nguvu na watu wengi wanaopiga kelele juu yake, hofu yake huzidi, nao husema, Tazameni, pepo amekasirika. Hilo si pepo. Ni mtoto aliyeogopeshwa.

Wala tusiwacheke wazee wetu kwa kutoijua hali hii, kwa kuwa hata wataalamu wa mataifa makubwa wamechelewa kuijua. Ni mwaka 1943 tu daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 aliowaona kuwa na hali hii moja, na tangu hapo usonji ukajulikana kwa jina. Tena hata mwaka 2013 kitabu ambacho madaktari wa Marekani hufuata katika kutaja magonjwa ya akili kilikuwa kikikataza kumtaja mtoto mmoja kuwa na usonji na hali ya kutotulia pamoja. Mwaka huo ndipo kitabu kilipobadilishwa. Basi, mzazi wa Mpanda aliyekuwa hajui mtoto wake ana nini, asione haya.

Pili: Bwana aliuliza kabla ya kutenda.

Jambo hili twaliona dogo, nalo ni kubwa. Mtoto alipoanguka mbele yake, Bwana alimgeukia baba, akamwuliza jambo hili limempata tangu lini. Yeye ajuaye yote alitaka kusikia kwa kinywa cha mzazi. Naye baba alisimulia: tangu utoto, na jinsi mtoto alivyoanguka motoni na majini. Bwana alimpa mzazi nafasi ya kusema kabla ya kumponya mwana.

Basi, kabla ya kuuliza kama dawa ni njema au mbaya, na tuulize habari za mtoto. Je, asikia? Mtoto kiziwi naye haitiki akiitwa, na wengi wameitwa wapumbavu kumbe masikio hayasikii. Je, ameanguka kifafa, hata kile kidogo cha kukodoa macho kwa nukta chache? Watoto wa usonji hupatwa na kifafa kuliko wengine, na kifafa kina dawa yake, ambayo haifai kukatwa ghafula. Je, alala usiku? Je, ana jino bovu, au sikio lenye usaha, au tumbo la minyoo? Mtoto asiyeweza kusema, Naumwa, husema kwa kujipiga kichwa ukutani. Je, ashinda njaa mpaka saa nane? Je, shuleni amewekwa nyuma katika darasa la watoto mia, asipomwona mwalimu? Mambo haya yakitengenezwa, watoto wengine hutulia pasipo kidonge kimoja. Na asiyetulia baada ya hayo, huyo ndiye ambaye habari ya dawa yamhusu.

Kwa hiyo mzazi asiende dukani kununua dawa kwa kusikia. Na aanze katika hospitali. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapa Mpanda. Kutoka hapo mgonjwa aweza kupewa barua ya kwenda Bugando, Mwanza. Au Mirembe, Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza mwaka 1927. Au Muhimbili, Dar es Salaam. Twajua ni safari ndefu na yenye gharama. Juu ya gharama hiyo tutanena mbele.

Tatu: Dawa ni kipawa cha Mungu, wala si mungu.

Wako wasemao kwamba mwenye kumtegemea Mungu hatumii dawa. Maandiko hayasemi hivyo. Hezekia aliomba kwa machozi, naye Bwana akamwahidi uzima. Walakini Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa zilikuja siku moja, kwa nabii mmoja. Paulo alimshauri Timotheo mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka, aliyeiandika Injili, alikuwa tabibu, na Paulo akamwita mpendwa. Na Msamaria alipomwona mtu aliyepigwa, hakusimama njiani akaomba tu. Alimimina mafuta na divai juu ya jeraha.

Baba yetu Martin Luther alipoulizwa na mchungaji Johann Hess wa Breslau juu ya tauni, mwaka 1527, tauni yenyewe ilikuwa imeingia Wittenberg. Yeye alibaki kuwatumikia wagonjwa, akaandika ya kuwa Mungu ndiye aliyeumba dawa, na ya kuwa mtu azidharauye kwa kujidai imani humjaribu Mungu. Nasi watu wa Kilutheri katika nchi hii tumeifuata njia hiyo tangu zamani. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisioni walijenga makao mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani. Na tangu mwaka 1904 makao yale yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Huko wagonjwa hawakupewa dawa tu. Walipewa kazi ya shamba na karakana, na watu wa kukaa nao. Tulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Lakini kama ilivyo dhambi kuidharau dawa, ndivyo ilivyo hatari kuiabudu. Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2011, watu wa nchi yote walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu kwa shilingi 500. Marehemu alifariki mwaka 2021. Hatusemi kwa kumhukumu. Twasema juu yetu sisi: wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kikombe kimoja kwa magonjwa mengi, wakapata hasara isiyorudishika. Tena mwaka 2019 ilijulikana katika Uganda kwamba watu waligawiwa maji yenye kemikali ya kung'arishia nguo, kwa jina la dawa ya muujiza, na maji ya namna iyo hiyo yalikuwa yameuzwa Ulaya na Marekani kwa wazazi wa watoto wenye usonji. Ndugu, mtu akikuambia kwamba anayo dawa ya kuuondoa usonji, fumba mkoba wako. Dawa hiyo haipo. Daktari mwaminifu hatasema kwamba atauondoa; atasema kwamba huenda akapunguza taabu fulani inayofuatana nao, kama kutotulia, au hasira kali, au kukosa usingizi.

Nne: Ijulikane dawa hii ni nini.

Mzazi hawezi kuamua jambo asilolijua, wala mwalimu hawezi kumshauri. Kwa hiyo twaeleza kwa ufupi.

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika nyumba ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya namna ya kuchangamsha mwili, akitafuta kuwaondolea maumivu ya kichwa. Akaona jambo asilolitazamia: karibu nusu yao wakaanza kufanya kazi za shule vizuri sana. Dawa inayojulikana zaidi siku hizi katika jamii hiyo ni methilifenideti, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 katika mji wa Basel, Uswisi. Huanza kufanya kazi upesi, na ile ya kawaida huisha nguvu baada ya saa chache. Kwa mtoto mwenye kutotulia peke yake huwafaa wengi. Kwa mtoto mwenye usonji pamoja na kutotulia, mambo ni mengine. Huko Marekani watoto 72 wa namna hiyo walijaribiwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2005: watoto 35 walipata nafuu, na 13 waliachishwa dawa kwa sababu ya madhara yake, hasa wepesi wa kukasirika. Basi, hesabu ndiyo hiyo. Karibu nusu walifaidika. Nusu hawakufaidika vya kutosha, na wengine waliumia.

Madhara yake mengine ni kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kuumwa kichwa na tumbo, na moyo kwenda mbio. Kwa mtoto wetu, ambaye pengine uzito wake tangu hapo ni mdogo, kukosa hamu ya kula si jambo dogo. Sharti apimwe uzito na kimo, na mapigo ya moyo, na ale vizuri kabla ya kumeza dawa na tena jioni nguvu yake ikiisha. Mwongozo wa Shirika la Afya la Ulimwengu washauri asipewe mtoto wa chini ya miaka 6, wala bila shauri la mtaalamu, na wazazi wafundishwe kwanza jinsi ya kumlea. Tena Shirika hilo liliombwa mwaka 2019, na mara ya pili mwaka 2021, kuitia dawa hii katika orodha ya dawa za lazima, likakataa mara zote mbili kwa kuwa ushahidi wa faida na hasara zake haukutosha. Wenye elimu wenyewe hawajapatana. Basi mzazi asitayarizwe hukumu ya upesi na jirani. Na kwa kuwa ni dawa inayolindwa kwa mkataba wa mataifa wa mwaka 1971, haifai kununuliwa kwa mtu wa njiani.

Iko na dawa nyingine, risperidoni, ambayo serikali ya Marekani iliikubali mwaka 2006 kwa watoto wa usonji wenye hasira kali na kujiumiza. Ilijaribiwa kwa watoto 101, na habari zake zikatolewa mwaka 2002: hasira ilipungua sana kwa wengi; lakini kwa majuma 8 waliopewa dawa waliongeza uzito wa kilo 2.7 kwa wastani, na wasiopewa kilo 0.8. Dawa nyingine za kutuliza, zilizozoeleka kwa wagonjwa wakubwa, zaweza kukaza misuli na kumfanya mtoto asinzie mchana kutwa. Mzazi na aulize kwa upole: Dawa hii ni ya nini hasa? Tutajuaje kama yafaa? Tutajuaje kama yadhuru? Tutarudi lini? Kumwuliza daktari si utovu wa heshima. Hata Mariamu alimwuliza malaika.

Watu wa Inyonga na wa misitu ya Mlele wajua kazi ya asali. Mrina asali hapandi mtini pasipo moshi, maana nyuki watamshambulia. Lakini hupima moshi wake. Ukiwa mdogo, nyuki hutulia naye apata asali. Ukizidi, nyuki hufa au huhama, na asali yenyewe hunuka moshi. Tena mrina haupendi moshi kwa ajili ya moshi; aupenda kwa ajili ya asali. Ndivyo ilivyo dawa ya mtoto. Huanzwa kwa kipimo kidogo, huongezwa polepole, na shabaha yake ni asali, yaani mtoto apate kujifunza, kucheza, kula pamoja na nduguze, kulala kwa amani. Kama mtoto amenyamaza, lakini hacheki tena, hachezi tena, amekaa pembeni kama gogo, basi moshi umezidi. Nyumba imetulia, mtoto amepotea.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Swali la kwanza la mzazi lisiwe, Je, watu watasemaje nikimpa, au nisipompa? Wala lisiwe, Je, mimi nitapumzika? ijapo mzazi aliyechoka aruhusiwa kutamani kupumzika, nayo si dhambi. Swali la kwanza liwe, Je, mwanangu atasaidiwa kuishi maisha ambayo Mungu amempa? Anayeuliza hivyo mbele ya Mungu, akishauriana na daktari, akichunguza kwa macho yake, huyo aweza kusema ndiyo kwa dhamiri safi, na aweza kusema hapana kwa dhamiri safi.

Tano: Imani ya baba yule ilikuwa nusu, wala Bwana hakuikataa.

Baba wa mtoto yule alikiri mambo mawili kwa kilio kimoja: kwamba aamini, na kwamba imani yake imepungukiwa, naye aomba msaada. Hakungoja mpaka mashaka yaishe ndipo amlete mtoto. Alimleta pamoja na mashaka yake.

Mzazi, nawe fanya hivyo. Hutapata uhakika wote kabla ya kuamua. Ukisema ndiyo, utaogopa madhara. Ukisema hapana, utaogopa kwamba umemnyima msaada. Lakini kujaribu dawa si kufunga ndoa nayo. Ni kama mkulima anayepanda mbegu mpya katika kipande kidogo cha shamba kwanza. Chukua daftari. Andika kila siku: amelala saa ngapi, amekula nini, amekaa kitako kwa muda gani, amelia mara ngapi, amecheka mara ngapi. Mwombe mwalimu wa shule aandike naye. Baada ya majuma machache rudi kwa daktari na daftari hilo. Kama yafaa, endelea. Kama haifai, sema, na iachwe kwa utaratibu wa daktari, maana ziko dawa zisizokatwa kwa siku moja. Wala asiyeitumia dawa asiache kazi: kwake pia kuna daftari, na mafundisho, na kurudi hospitali.

Na baba na mama wapatane. Mara nyingi mama huenda hospitali peke yake, na akirudi baba asema, Sitaki mwanangu ale vidonge. Naye hajawahi kukaa na mtoto huyo mchana mmoja. Katika habari yetu ni baba aliyemleta mtoto, akasimama katikati ya mkutano, akalia mbele ya watu. Enyi akina baba, mwoneni huyo.

Sita: Bwana alimshika mkono, akamwinua.

Marko asema ya kuwa mtoto alipokuwa amelala kama maiti, hata wengi wakadhani amekufa, Bwana alimshika mkono, akamwinua. Neno la uweza lilikuwa limekwisha kunenwa. Walakini Bwana aliongeza mkono. Mkono huo sasa ni wetu. Dawa pasipo mkono haitoshi, nayo si maneno ya mahubiri tu. Mwaka 1999 huko Marekani zilitolewa habari za watoto 579 wenye hali ya kutotulia. Wale waliopewa dawa na kuangaliwa kila mwezi kwa uangalifu walifanikiwa kuliko wale walioachiwa matibabu ya kawaida ya mahali pao, ijapo wengi wa hao nao walikuwa wakipewa dawa. Tena mwaka 2007, miaka mitatu tangu kuanza kwao ilipochunguzwa, tofauti ile ilikuwa imekwisha. Kidonge kilikuwapo pande zote mbili; uangalizi ndio uliotofautiana, na uangalizi ulipokoma, faida yake nayo ilififia. Ndilo jambo lile lile la Lutindi: dawa, na kazi, na watu wa kukaa nao.

Basi, washarika wafanye nini?

Wazee wa kanisa, mwaweza kutenga sehemu ya sadaka ya huruma kwa nauli ya mzazi na mtoto kwenda Tabora na mbele yake, nao wasiende mara moja tu, bali na siku ya kurudi kwa daktari. Barua ya rufaa isiyo na nauli ni karatasi. Akina mama wa usharika, mwaweza kumpokea mtoto siku moja kwa juma, ili mama yake alale, au aende shambani. Kwa maana twajua, na twanena kwa huzuni, kwamba wako watoto wanaofungwa kamba katika nyumba mama akienda kulima, si kwa ukatili, ila kwa kukosa wa kumwachia. Kila kamba ya namna hiyo hulihukumu jirani lote. Mkono mmoja wa jirani hufungua kamba ambayo dawa peke yake haifungui.

Walimu wa Shule ya Jumapili, mtoto huyo mpeni mahali karibu na mlango, atoke akichoka na kurudi akitulia. Mwambieni neno moja kwa wakati mmoja. Mwonyesheni kwa picha na kwa mkono. Msimlazimishe kuimba katika kelele. Na wengine wetu tusigeuze vichwa. Kanisa letu limekwisha kuonyesha kwamba yawezekana: huko Irente, Lushoto, tangu mwaka 2005 iko shule ya Rainbow, ambamo watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili hufundishwa. Mpanda si Lushoto, lakini mlango wa kanisa letu si mwembamba kuliko wa huko.

Na wewe mwinjilisti, utakapoitwa kumwombea mtoto, nenda ukaombe. Omba kwa sauti ndogo, weka mkono kwa upole, au usiweke kama haupendi. Ukiisha kuomba, usiseme, Sasa acheni dawa. Neno hilo si lako. Useme, Mungu awape hekima. Nami nitakuja tena juma lijalo. Kisha uje kweli. Wanafunzi walipomwuliza Bwana faraghani kwa nini hawakuweza, aliwaelekeza katika maombi. Hakuwaelekeza katika kumlaumu baba, wala kumlaumu mtoto.

Na tuombe.

Ee Baba wa rehema, uliyemwumba kila mtoto na kumjua kwa jina hata asipoitika, twakuletea watoto wetu wasiotulia na wasiosema. Wape wazazi wao hekima ya kuamua, na amani baada ya kuamua. Waongoze madaktari na wauguzi, wasichoke kusikiliza. Ibariki dawa ifaayo, na ifunue upesi ile idhuruyo. Tuondolee sisi ulimi wa kuhukumu, utupe mkono wa kuinua, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyesimama kumsikiliza baba mwenye mashaka. Amina.